Michezo ya Televisheni ya Kurusha Mkono: Somo kwa Wanaoanza



Tumeombwa na baadhi ya wazee tuandike somo jepesi juu ya ile michezo ya televisheni ambayo mchezaji hakai chini na kubonyeza vidole tu, bali husimama akarusha mkono kana kwamba ameshika raketi au gongo. Mashine hizi zimekwisha kuingia katika nyumba kadha wa kadha. Watoto walioko ng'ambo huzileta wanapokuja likizo, na nyingine hununuliwa zikiwa zimetumika. Wajukuu huzijua upesi. Babu na bibi huvutiwa kiti wakaambiwa watazame.

Ni kiti hicho kilichotufanya tukubali kuandika. Tumefundisha watoto, kisha tukafundisha wale watakaowafundisha watoto, na twaona kwamba mzee huwekwa kando si kwa kuwa hawezi, ila kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwa utaratibu. Maana mchezo huu haudai nguvu wala mbio. Wadai kujua wakati wa kurusha mkono na wakati wa kuutuliza. Mzee wa miaka 70 aweza kumshinda kijana wa miaka 15, na kumshinda kwa haki, akifundishwa barabara. Asipofundishwa barabara aweza kuvunja televisheni, au lililo baya zaidi, kuvunja nyonga yake.

Mashine tutakayosomea

Tutachukua mchezo mmoja uwe mfano, nao ni Wii Sports, kwa sababu ni mwepesi kwa anayeanza na ndio uliowafungulia wengi mlango. Uliundwa na kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, ambayo ilianza kazi mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mashine yake iitwayo Wii ilianza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006, na mwezi uliofuata ikauzwa Japani na Ulaya. Kule Marekani na Ulaya sahani ya Wii Sports ilitiwa ndani ya boksi la mashine, mnunuzi asilipe zaidi. Huko Japani iliuzwa peke yake. Nakala zilizotoka zilizidi milioni 82. Wii haitengenezwi tena, kwa hiyo zipatikanazo leo ni zile zilizokwisha kutumika.

Ndani ya sahani hiyo mna michezo mitano: tenisi, besiboli, bolingi, gofu na ngumi. Bolingi, kwa wasioijua, ni ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito juu ya njia ya mbao ili kuangusha vigingi 10 vilivyosimama mwisho wa njia. Katika Marekani na Uingereza nyumba za kutunzia wazee zilizinunua mashine hizi kwa ajili ya bolingi hasa, na wazee wakafanya mashindano, wengine wakicheza juu ya viti vyao vya magurudumu. Kwa hiyo anayesema huu ni mchezo wa watoto hana habari zote.

Rimoti hujuaje mkono umefanya nini?

Hapa tuwaombe wasomaji watuvumilie kidogo, maana mwanafunzi anayeelewa sababu hujifunza upesi kuliko anayeambiwa tu, "Fanya hivi."

Watu wengi hudhani kwamba televisheni inawaona. Haiwaoni. Ndani ya rimoti mna kifaa kidogo sana kiitwacho kipima mchapuko. Fikirini abiria aliyesimama ndani ya basi, naye amefungwa kitambaa machoni. Dereva akikanyaga breki, abiria husukumwa mbele. Basi likiondoka kwa kasi, hurudishwa nyuma. Likikata kona, huyumba kando. Abiria huyo aweza kukuambia basi limefanya nini, japo hajui liko wapi. Ndani ya kifaa hicho mna kiuzito kidogo mno kilichoshikwa na vispringi, nacho ndicho abiria wetu. Mkono ukirushwa, kiuzito husukumwa, mashine ikapata habari kwa mawimbi ya redio. Na kwa kuwa kiuzito huvutwa chini daima, rimoti hujua pia kama imesimamishwa au imelazwa.

Kutokana na hayo twapata mambo mawili ambayo mwanafunzi wetu ayashike. La kwanza, mwendo mdogo wa kifundo cha mkono, ukiwa wa ghafula, huhesabiwa sawa na mwendo mkubwa wa mkono mzima. Ndiyo maana mtu aweza kucheza akiwa amekaa. La pili, rimoti haina busara ya kutofautisha kati ya mkono uliokusudia kupiga na mkono uliotetemeka au uliojikuna. Kila mtikisiko ni habari. Anayerusharusha mkono ovyo ni kama mwanafunzi anayejibu kabla swali halijamalizika.

Kuna na kile kijiti cheusi kinachowekwa juu au chini ya televisheni. Jina lake kwa Kiingereza huwafanya watu wadhani kwamba kinapokea habari, lakini hakipokei kitu. Kina taa ndogo kila upande zitoazo miale isiyoonekana kwa macho, na rimoti ndiyo inayoitazama miale hiyo ili ijue imeelekezwa wapi wakati wa kuchagua mchezo. Hata mishumaa miwili ikiwashwa mahali pake, rimoti huifuata vilevile. Hatushauri mtu aweke mishumaa mbele ya televisheni, ila twaeleza ili ujue kwa nini ule mkono mdogo unaoonekana kwenye kioo huanza kurukaruka wakati jua la jioni linapoingia dirishani, au taa ya moto inapowaka nyuma ya televisheni. Mashine si mbovu. Fungeni pazia.

Kabla ya kuwasha

Tuanze na umeme, maana hapo ndipo mashine nyingi zimekufa kabla ya mtu kucheza hata mara moja. Umeme wetu Tanzania ni wa volti 230. Wii iliyonunuliwa Marekani huja na adapta ya volti 120, na ya Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja katika soketi ya ukutani, utasikia mlio mmoja na harufu, basi. Soma maandishi madogo yaliyo juu ya adapta. Yakisema 120 peke yake, tafuta transfoma ya kushusha umeme au adapta ya Ulaya. Tena sahani ya Marekani haichezi katika Wii ya Ulaya, wala ya Ulaya katika ile ya Marekani. Anayenunua sahani aulize kwanza.

Kisha tazameni chumba. Mchezaji asimame kama mita mbili kutoka kwenye televisheni, anyoshe mikono yote miwili, azunguke polepole mara moja. Chochote alichogusa kiondolewe, na hata asichogusa kama kina miguu ya kukwaza: stuli, meza ndogo, kamba ya pasi. Mkeka uondolewe kwa sababu huteleza. Bibi afunge khanga yake vizuri isimtatize miguuni, na mtu yeyote asicheze kwa soksi juu ya sakafu ya vigae. Aliye na magoti mabaya awekewe kiti imara kisicho na magurudumu, naye acheze akiwa amekaa, bila mtu kumwuliza kwa nini.

Sasa kamba. Kila rimoti ina kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, na vijana huidharau. Mwanzoni kabisa, mwezi Desemba 2006, Nintendo ilikubali kuwabadilishia watu kamba zipatazo milioni 3.2, kwa sababu zile za kwanza zilikuwa nyembamba, zikikatika mtu aliporusha mkono kwa nguvu na rimoti ikaponyoka. Unene uliongezwa kutoka milimita 0.6 hadi milimita 1. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, kampuni ikaanza kutoa bure vifuko vya mpira vya kuivika rimoti isiteleze wala isiumize. Kama rimoti yenu ina kifuko hicho, msikivue kwa sababu ya urembo. Na kamba ivaliwe, ikazwe, hata kama mchezo ni wa dakika mbili. Mkono ukitoka jasho, ufutwe. Rimoti haitupwi kamwe. Ndani ya mchezo mpira ndio unaokwenda, rimoti hubaki mkononi.

Somo la kwanza: bolingi

Sisi twaanza na bolingi, na hatukubaliani na wale wanaoanza na tenisi. Katika tenisi mpira huja upende usipende. Katika bolingi mpira hungoja. Mzee aweza kuvuta pumzi, akasahihisha miwani yake, akauliza swali, na vigingi vitakuwa vimesimama palepale.

Mwanafunzi ashike rimoti kama anayeshika mpini wa jembe jepesi, kidole gumba juu, na kidole cha shahada kwenye kitufe kilicho upande wa chini, chenye herufi B. Kitufe hicho ndicho mpira wenyewe: ukikibonyeza umeushika, ukikiachia umeuachia. Tunamwambia hivyo hivyo, wala hatumtajii kitufe kingine chochote siku ya kwanza.

Asimamishe rimoti mbele ya kifua. Abonyeze B na kuendelea kukibonyeza. Aushushe mkono, aupeleke nyuma taratibu kama mtu aliyebeba ndoo nusu ya maji, kisha aurudishe mbele, na mkono unapopita paja kwenda mbele aachie kitufe. Akiachia mapema, mkono ungali nyuma, mpira humwangukia nyuma na watazamaji waliochorwa ndani ya mchezo huruka kwa hofu. Jambo hilo litatokea. Likitokea, watu wa nyumbani wacheke pamoja na mchezaji, wasimcheke.

Kosa la pili la wanaoanza ni kutia nguvu. Mtu huona vigingi viko mbali, basi hurusha mkono kama anayetupa jiwe kumfukuza nyani shambani. Nguvu ikizidi, kifundo hujipinda bila mwenyewe kujua, na mpira ukajipinda vilevile ukaenda kando. Mkono ulionyoka, mwendo wa wastani, kidole gumba kikitazama juu tangu mwanzo hadi mwisho: hayo yatosha kuangusha vigingi saba au vinane. Baadaye, akiona mpira wake hupotea upande mmoja kila mara, afundishwe vitufe vya kusogea kushoto na kulia kabla ya kurusha. Na akishazoea hivyo ndipo aambiwe kwamba kule kujipinda kwa kifundo, kukifanywa kwa makusudi na kidogo, huuzungusha mpira ukaingia kati ya vigingi kwa pembe nzuri. Lililokuwa kosa katika wiki ya kwanza laweza kuwa ustadi katika wiki ya nne.

Kila mchezo una zamu 10, na kila zamu mtu hupewa mirusho miwili. Akiangusha vyote kwa mrusho wa kwanza, huongezewa alama za mirusho miwili ifuatayo. Akivimaliza kwa mrusho wa pili, huongezewa za mrusho mmoja ufuatao. Mashine hufanya hesabu yenyewe. Alama za juu kabisa ni 300. Mwanafunzi wetu akipata 90 mara ya kwanza, apigiwe makofi.

Somo la pili: tenisi

Hapa mwanafunzi afahamu jambo moja kwanza: yeye hakimbii. Yule mtu aliyechorwa ndani ya mchezo hukimbia mwenyewe kuufuata mpira. Kazi ya mchezaji ni kupiga kwa wakati wake. Tumeona watu wazima wakiruka huku na huku mbele ya televisheni hata wakagongana, na hakuna hata hatua moja iliyohesabiwa.

Kosa kubwa katika tenisi ni kupiga mara mbili. Mchezaji huona mpira unakuja, hurudisha mkono nyuma kwa haraka ili ajitayarishe, na rimoti, ambayo tumekwisha kusema haina busara, huhesabu kule kurudisha kuwa ndiko kupiga. Raketi hukata hewa. Mpira wafika baadaye. Dawa yake ni kurudisha mkono mapema na polepole, wakati mpira ungali upande wa pili wa wavu, kisha kungoja. Kungoja ndiko kugumu. Mwalimu aliye kando aweza kusaidia kwa kuhesabu kwa sauti, "Mo-ja, mbi-li," mpira unapodunda, na mwanafunzi apige kwenye mbili.

Akiweza kuurudisha mpira mara kumi mfululizo, aanze kujifunza kuuelekeza. Kwa anayetumia mkono wa kulia na kupiga upande wake wa kulia, akipiga mapema kidogo mpira huelekea kushoto. Akichelewa kidogo huelekea kulia. Akipiga upande wake wa kushoto, mambo hugeuka. Hakuna kitufe cha kuelekeza. Wakati ndio unaoelekeza. Kuanzisha mchezo, ainue rimoti juu mpira urushwe, halafu apige. Akiupiga unapofika kileleni kabisa, huenda kwa kasi kubwa, na wajukuu watanyamaza.

Gofu, na mengine kwa ufupi

Gofu ni mchezo wa watu wa subira. Mchezaji aelekeze rimoti chini kama anayeshika gongo. Asipobonyeza kitufe A, aweza kurusha mkono apendavyo na mpira hausogei: hayo ni majaribio, na kando ya kioo kipimo humwonyesha nguvu aliyotia. Vidoto vilivyo juu ya kipimo vinalingana na vidoto vilivyo kwenye ramani ndogo ya uwanja. Basi ajaribu mara tatu au nne mpaka kipimo kifike kwenye kidoto anachokitaka, ndipo abonyeze A, akishikilie, apige vilevile alivyojaribu. Wanaoanza huruka hatua hiyo ya kujaribu, wakapiga kwa nguvu mpaka kipimo kinajaa na kutetemeka, nao mpira ukapinda ukaingia majini. Karibu na shimo, mwendo uwe mdogo kuliko mtu anavyodhani. Ni kama kufuta vumbi kwenye picha.

Besiboli ni ya kupiga na kurusha tu, maana wadakaji huendeshwa na mashine. Mpigaji asimame kiubavu, ashike rimoti kwa mikono miwili karibu na bega, iwe imesimama, aitulize. Twaipenda kidogo kuliko mingine, labda kwa sababu hatukukua nayo.

Ngumi huhitaji rimoti mkono mmoja, na mkono wa pili kile kifaa kidogo chenye waya kiitwacho Nunchuk. Ndio mchezo unaochosha kupita yote, na ndio ambao watoto huukimbilia. Siri yake ni ileile: anayerusha ngumi mfululizo kama mvua huona nyingi hazihesabiwi, anayeinua mikono kujikinga, akangoja, akarusha moja iliyonyoka, hushinda. Wenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo wasiuguse kabla ya kumwuliza daktari wao.

Tena kuna kipimo cha mashine kinachodai kumwambia mtu umri wa mwili wake, kati ya miaka 20 na 80, baada ya kucheza vipande vitatu vya michezo. Ni mzaha wa kuchangamsha. Mtu wa miaka 41 akiambiwa ana 76, asifike zahanati kwa sababu hiyo.

Kwa anayefundisha

Sehemu hii twaiandika kwa vijana, maana mara nyingi wao ndio walimu hapa.

Kijana mwenye mkono mwepesi humwona bibi yake akitafuta kitufe, na kabla bibi hajakiona, kijana amekwisha kuinyakua rimoti na kusema, "Lete, bibi, nikuonyeshe." Anaonyesha haraka, anashinda, anairudisha. Bibi hakujifunza kitu, ila amejifunza kwamba yeye ni mzito. Baada ya mara tatu atasema macho yanamuuma, atarudi kwenye kiti, na kijana ataamini kweli kwamba wazee hawaipendi michezo hii. Katika vyuo vya ualimu tuliwaambia wanachuo wasimwandikie mtoto kwa kumshika mkono kila herufi. Kanuni hiyo yafaa na hapa. Anayefundisha aweke mikono yake nyuma. Aseme kwa maneno: "Bibi, kitufe kiko chini ya kidole chako cha shahada. Kibonyeze, usikiachie bado." Kisha anyamaze.

Bandikeni kipande kidogo cha plasta juu ya kitufe B, ili kidole kikipate bila macho. Kama mchezaji hutumia mkono wa kushoto, mashine huuliza mwanzoni. Ajibu kweli, asilazimishwe mkono wa kulia. Aliyepooza upande mmoja acheze kwa ule ulio mzima. Na kabla ya kuanza kila mtu hutengeneza sura yake ndani ya mashine: bibi achague mwenyewe. Ana haki ya kuwa na mvi na miwani, na ana haki pia ya kutokuwa nazo.

Iko sehemu ya mazoezi ndani ya mchezo, yenye mazoezi matatu kwa kila aina. Wanaoanza wakae hapo kwa juma zima kabla ya kushindanishwa na mtu. Wanaosubiri zamu wakae nyuma au mbali kando, si mahali ambapo mkono unaweza kuwafikia, na watoto wadogo wasipite mbele.

Mwili nao una neno

Mwaka 2007 jarida la waganga la New England Journal of Medicine lilichapa barua yenye habari za daktari mwanafunzi wa miaka 29, mwenye afya njema, aliyeamka Jumapili asubuhi na maumivu makali ya bega la kulia. Hakuanguka wala hakuinua mzigo. Alikuwa amenunua Wii, akacheza tenisi kwa saa kadhaa. Alipona kwa dawa ya maumivu ya juma moja na kuacha kucheza. Kama kijana huyo aliumia, sisi tuliokwisha kuvuka 60 tuanze kwa dakika 10, tupumzike, ndipo tuongeze. Nyosheni mabega na viganja kwanza. Maagizo ya mashine yenyewe hutaka mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kila saa hata kama mtu hajihisi kuchoka, nayo huonya kwamba watu wachache, kama 1 katika 4,000, huweza kupatwa na kifafa kwa sababu ya mwanga unaometameta. Mwenye kifafa amwulize daktari kabla ya kucheza.

Mwaka huohuo British Medical Journal lilitoa uchunguzi uliofanyiwa vijana huko Uingereza. Wakicheza Wii Sports walitumia nguvu za mwili zaidi kuliko wakicheza michezo ya kukaa, lakini pungufu kuliko kuicheza michezo yenyewe uwanjani. Kwa hiyo mzazi asiuze mpira wa mtoto kwa kuwa amenunua mashine.

Kwa wenye mashine za baadaye

Mwezi Juni 2009 Nintendo iliongeza kifaa cha kupima mzunguko, Wii MotionPlus, kikaja na mchezo wa Wii Sports Resort. Hapo rimoti hufuata kupinda kwa kifundo kwa karibu zaidi, na mikato ya ujanja hupungua. Mwaka 2010 Microsoft ilitoa Kinect, ambayo kweli humwona mchezaji kwa kamera na haina rimoti. Huyo hana budi kuwa na nafasi kubwa na mwanga wa kutosha. Na tarehe 29 Aprili 2022 ikatoka Nintendo Switch Sports, yenye tenisi na bolingi na pia voliboli, mpira wa vinyoya, soka na mapambano ya panga. Gofu iliongezwa baadaye mwaka huo. Rimoti zake ni ndogo sana, huponyoka upesi, kwa hiyo kamba yake ifungwe kwa uangalifu zaidi. Adapta ya Switch hupokea volti 100 hadi 240, haina shida hapa kwetu.

Zoezi la mwezi huu ni moja. Kila nyumba yenye mashine ichague mtu mmoja ambaye hajawahi kucheza, acheze bolingi ya mazoezi kwa dakika 10, siku tatu kila juma, mwalimu wake akiwa na mikono nyuma. Alama ziandikwe kwenye daftari na tarehe yake. Na mashine ikikaa muda mrefu bila kutumika, toeni zile betri mbili ndani ya rimoti, maana zikivuja hula vyuma vyake, na umeme ukikatika wakati wa mchezo chomoeni plagi mpaka umeme utulie.